Walimu Wawili Hawasemeshani: Mkuu wa Shule Aanzie Wapi?

Walimu wakikosana ofisini, wa kwanza kujua ni wanafunzi. Wanajua siku kidato cha tatu kinaposimama nje ya maabara, madaftari mkononi, kwa sababu mwalimu wa Kemia ameondoka na ufunguo na hapokei simu ya mwenzake wa Biolojia. Wanajua wanapoona majaribio ya somo moja yamechapwa na ya somo jingine yamelala kwenye droo wiki nzima. Wanajua pia kwa sababu mwalimu mwenye hasira hushindwa kujizuia darasani: "Kamuulizeni huyo anayejua kila kitu." Mkuu wa shule husikia mwishoni, na akisikia, huwa ameletewa habari na mtu mwenye upande.

Makala hii ni kwa ajili ya mkuu wa shule ya sekondari ya serikali nchini Tanzania, hasa aliyeteuliwa juzi. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi naye atajiona humu, na makamu pia, maana mara nyingi makamu ndiye anayebeba kesi hizi kabla hazijafika mezani kwa mkuu. Walioko Kenya na Uganda watakuta mambo yanayofanana na ya kwao, ila sheria na vyombo vya nidhamu ni tofauti, kwa hiyo wasinakili taratibu zilivyo.

Nina jambo moja la kusisitiza. Ugomvi mwingi wa walimu huonekana kuwa wa tabia: fulani ana kiburi, fulani ana mdomo, wale wawili hawaivi chungu kimoja. Ukiufuatilia unakuta umeanzia kwenye mgawanyo. Vipindi vimegawanywa bila uwiano, zamu zimeelemea watu walewale, nyumba ya shule amepewa aliyekuja mwisho, jina la kwenda kusimamia mtihani limependekezwa kimyakimya. Karatasi za migawanyo hiyo zina sahihi ya mkuu. Anayetaka kumaliza ugomvi aanze kwa kuzisoma upya karatasi zake mwenyewe, ndipo aite watu.

Soma ratiba kabla hujaita mtu

Tuchukue shule ya kata yenye madarasa manane, mikondo miwili kwa kila kidato. Shule hiyo, kama nyingine nyingi, ina walimu wa kutosha wa masomo ya sanaa na upungufu wa walimu wa Hisabati na sayansi. Walimu wanne wa Historia wanagawana mikondo yote. Somo likiwa na vipindi 3 kwa wiki, jumla ni vipindi 24, yaani kila mmoja anabaki na 6. Mwalimu wa Hisabati amepewa madarasa matano yenye vipindi 6 kila moja. Huyo ana vipindi 30 katika wiki yenye vipindi 40, na mazoezi ya kusahihisha yanamfuata mpaka nyumbani. Madarasa matatu yaliyobaki yanashikwa na mwalimu wa kujitolea anayelipwa kidogo kwa michango ya wazazi.

Jumatatu mwalimu wa Hisabati anafika mstari umeshaisha. Mwalimu wa zamu wiki hiyo ni wa Historia, naye anamwandika kwenye kitabu cha zamu kuwa amechelewa, kama anavyotakiwa. Saa nne, chai ikinywewa, kinasikika: "Wewe una vipindi sita, muda wa kuandika watu unao." Anajibiwa: "Kwani nimekutuma usome Hisabati?" Wengine wanacheka. Kuanzia hapo hawasalimiani, na wiki mbili baadaye ofisi ina upande wa dirishani na upande wa mlangoni.

Mkuu akiwaita wawili hawa na kuwapatanisha mbele yake, watapeana mikono, kwa sababu hakuna mwalimu anayekataa kupeana mikono mbele ya mkuu. Wiki ijayo ratiba ni ileile na uchovu ni uleule. Kinachotakiwa ni kuketi na mwalimu wa taaluma na kutengeneza jedwali moja la kila mwalimu: vipindi vyake, wiki zake za zamu, kama ana darasa la ulezi, kama ni mkuu wa idara, kama anashika stoo, michezo, malezi au shamba. Huo ndio mzigo wote wa mwalimu, na vipindi ni sehemu yake tu. Ukilitazama jedwali, utaona pa kupunguza. Mwalimu wa Hisabati aondolewe zamu za wiki nzima na ulezi wa darasa. Wenye vipindi vichache wachukue nafasi hizo, pamoja na kusimamia masomo ya jioni. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na walimu wa sanaa wanaweza kubeba mzigo wake kwa haki kabisa.

Jedwali hilo libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya walimu. Najua wakuu wengi wanaogopa hatua hii, wakidhani italeta maneno. Maneno yapo tayari. Tofauti ni kwamba sasa kila mtu atayatolea hoja kwa tarakimu anazoziona ukutani, na anayelalamika bure ataonekana, kama atakavyoonekana anayeelemewa na amekaa kimya.

Fedha ndogo, chuki kubwa

Mwamba ngoma huvutia kwake, na kwenye posho kila mwalimu anaamini mkuu anavutia kwake na kwa rafiki zake. Mitihani ya Taifa ya darasa la saba, kidato cha pili na kidato cha nne huja kila mwaka na huhitaji wasimamizi. Semina huja. Sensa ya Agosti 2022 iliwachukua walimu wengi kama makarani, na chaguzi huwachukua vilevile. Uteuzi wa mwisho mara nyingi haufanywi na mkuu, unafanywa ngazi ya halmashauri, lakini pale majina yanapotakiwa kutoka shuleni, mkuu ndiye anayelaumiwa.

Dawa yake ni daftari. Fungua ukurasa, andika mwaka, shughuli, jina la aliyekwenda. Anayefuata ni yule ambaye hajakwenda, isipokuwa shughuli inahitaji sifa maalumu, na sifa hiyo itajwe mbele ya wote. Kama jina limetoka juu bila shule kuulizwa, sema hivyo siku hiyohiyo, kabla mtu hajaanza kukisia. Daftari hili lisifungiwe kabatini. Mwalimu akitaka kuliona, alione.

Kuna pia fedha za walimu wenyewe. Tangu ada na michango ya lazima ifutwe kuanzia Januari 2016, shule zimepokea fedha za uendeshaji kutoka serikalini zenye maelekezo ya matumizi, na chai ya walimu imebaki kwenye mifuko ya walimu. Kwa hiyo mwalimu mmoja anakusanya elfu tano tano, ananunua sukari na maandazi, na ifikapo tarehe 20 anajua nani anakunywa bila kutoa. Hapo pia ndipo hukaa mfuko wa kufa na kuzikana, kikoba cha ofisi, na madeni binafsi ya mtu na mtu. Mkuu asiwe mweka hazina wa lolote kati ya haya, na asikubali shughuli hizi ziendeshwe kwa mdomo. Mfuko uwe na katiba fupi ya ukurasa mmoja: nani anachangia, kiasi gani, msiba wa nani unahusika (mzazi, mke au mume, mtoto, mkwe?), na aliyekosa miezi mitatu inakuwaje. Nimeona ofisi iliyogawanyika miaka miwili kwa sababu rambirambi ya mmoja ilikuwa nene na ya mwingine nyembamba, wakati hakuna sehemu yoyote iliyoandika kiasi. Madeni ya mtu na mtu, mkuu ayaache nje ya ofisi yake mpaka yatakapovuruga kazi. Yakivuruga, ashughulikie uvurugaji wa kazi, deni wakamalizane wenyewe.

Namna ya kuwaita na kuwasikiliza

Chagua saa. Asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza haifai, kwa sababu mwalimu atatoka kwako na kuingia darasani moto. Saa ya chai haifai, kwani wote wataona nani kaitwa. Baada ya kipindi cha mwisho, wanafunzi wakiwa kwenye usafi au michezo, ni saa nzuri. Usimwite kwa kumtuma mwanafunzi. Mfuate mwenyewe au mpigie, mwambie, "Mwalimu, naomba tuonane saa tisa na nusu, ni mazungumzo ya kawaida."

Kama mwalimu ni mkubwa kwako kwa umri, mwamkie. Vijana wengi wanateuliwa ukuu wakiwa chini ya miaka 40 na kuongoza watu waliowafundisha, au ambao wangeweza kuwa wazazi wao. Kuna mkuu kijana anayeingiwa na hofu kwamba akisema shikamoo atapunguza cheo. Hapunguzi kitu. Mzee aliyeamkiwa vizuri hulegeza mabega na kuanza kuzungumza kama mtu anayetambuliwa, na hata akipewa onyo baadaye atalipokea kwa mtu aliyemheshimu. Mkuu asiyewaamkia wazee hupata utii wa mdomoni, na kwenye kikao cha walimu watamwacha aongee peke yake.

Sikiliza mmoja mmoja kwanza. Kila mmoja aulizwe mambo matatu kwa maneno mepesi: nini kilitokea ulichokiona au kukisikia mwenyewe, nini kinakuuma hasa, na nini kikifanyika utaweza kufanya naye kazi kesho. Swali la pili ndilo lenye dhahabu, lisilopaswa kuharakishwa. Mwalimu wa Hisabati, akipewa muda, hatazungumzia kuandikwa kwenye kitabu. Atasema wenzake wanacheka wakati yeye anasahihisha madaftari mpaka usiku, na hajasikia hata siku moja mtu akimwambia pole. Mwalimu wa Historia atasema alifanya kazi yake ya zamu kama alivyoagizwa, na sasa anaonekana mbaya kwa kutekeleza maagizo ya mkuu. Wote wawili wana haki, na wote wawili wanamlaumu mkuu bila kumtaja.

Mwalimu akisema "walimu wote wanalalamika," muulize ni nani na nani. Ikibaki "wote," endelea na lake. Akisema "nakuambia mkuu, lakini isitoke hapa," usiahidi kabla ya kusikia. Mwambie utatunza linalotunzika, ila kama ni kosa la jinai au linamgusa mwanafunzi huwezi kukaa nalo. Baada ya mazungumzo andika tarehe, aliyekuwepo na alichosema, mistari mitano inatosha. Usiandike maoni yako kuhusu tabia yake.

Ndipo waketi pamoja. Mwandishi wa Marekani Mary Parker Follett, aliyeandika kuhusu uongozi na migogoro miaka ya 1920, alieleza kisa chake kwenye maktaba ya Harvard. Msomaji mmoja alitaka dirisha lifunguliwe, yeye akitaka lifungwe. Wangeweza kushindana mpaka mmoja ashinde, au kuliacha nusu wazi na wote wasiridhike. Walifungua dirisha la chumba cha jirani, ambako hakuna aliyekaa: mwenzake akapata hewa, naye akaepuka upepo wa kaskazini uliokuwa ukimpiga. Follett alisisitiza kwamba hilo halikuwa suluhu ya kila mtu kupunguza, maana kila mmoja alipata alichokihitaji. Mkuu ajifunze kuuliza kila mmoja anahitaji nini hasa. Mwalimu wa Kemia na wa Biolojia wanaogombea ufunguo wa maabara hawagombei chuma kile. Mmoja anaogopa kemikali kumwagwa au kuibwa na kuulizwa yeye, mwingine anaogopa kufika na darasa akute mlango umefungwa. Ufunguo wa pili ukae kwa mwalimu wa taaluma, daftari la kuingia na kutoka liwekwe, na kabati la kemikali liwe na kufuli lake ambalo ni la Kemia peke yake. Mambo matatu ya bei ndogo, na hakuna aliyeshindwa.

Kikao cha pamoja kiishe kwa makubaliano yanayoonekana: nani atafanya nini, kuanzia lini. "Tuheshimiane" si makubaliano ya kuandika. "Aliyechelewa atapewa nafasi ya kusema sababu, na sababu iandikwe pembeni ya jina lake" ni makubaliano. Usilazimishe kuombana radhi. Radhi ya kulazimishwa humdhalilisha anayeomba na haimponyi anayeombwa, na radhi ya kweli mara nyingi huja yenyewe siku mmoja wao akifiwa au akipata mtoto. Baada ya wiki mbili, pita. Angalia kama wanabadilishana vipindi mmoja akipata dharura, kama wanaketi meza moja kwenye usahihishaji, kama mmoja akizungumza kikaoni mwingine anatazama simu. Hayo yatakueleza zaidi ya kuwauliza "mko sawa?"

Wazee wa ofisi na utani

Karibu kila ofisi ya walimu ina mama au mzee anayesikilizwa. Mara nyingi hana cheo. Amefundisha miaka mingi, amezika na wenzake, amewapokea waajiriwa wapya nyumbani kwake. Jambo dogo linalohusu heshima, mpelekee yeye kwanza, kwa ruhusa ya wahusika. Atawaita jioni kwake, atawapa chai, atawasema wote wawili. Ila chunguza mambo mawili: kama yeye mwenyewe hana upande, na kama anajua kufunga mdomo. Mwakilishi wa Chama cha Walimu shuleni naye ni mtu wa kumshirikisha, hasa malalamiko yanapohusu haki za kazi, kwa sharti kwamba asigeuzwe karani wa mkuu.

Kuhusu utani niseme kidogo. Mhehe na Mngoni wanaweza kurushiana maneno makali mstari kwa mstari na ikawa burudani ya ofisi nzima, kwa sababu utani wao una historia na mipaka inayojulikana. Tatizo huanza mtu anapomtania asiye mtani wake, au anapotumia kabila, dini, utasa, ulemavu au mshahara wa mwenzake kisha akajificha nyuma ya neno utani. Kipimo ni rahisi: je, anayetaniwa anarudisha? Kama kila siku ni mmoja anayerusha na mwingine anayekaa kimya, hilo ni dhihaka, na mkuu ana wajibu wa kulizuia mapema, kwa faragha, kwa kumwita mrushaji peke yake.

Kundi la WhatsApp

Siku hizi ugomvi unaoanza saa mbili usiku kwenye kundi la shule hufika ofisini asubuhi ukiwa umeshaiva, na picha za ujumbe zimesambaa mpaka kwa afisa elimu kata. Mkuu aweke kanuni mbili tangu mwanzo wa mwaka. Kundi ni la matangazo ya kazi, taarifa za misiba, harusi na pongezi. Mtu asiporidhika na jambo, asijibu hapo. Aje au apige simu. Mkuu mwenyewe awe wa kwanza kuzishika. Mkuu anayeandika "kuna walimu wanaofikiri shule ni ya baba yao" saa tatu usiku amemtukana mmoja na kuwatisha arobaini, na kesho yake kila mmoja atajiuliza kama ni yeye. Karipio la mtu mmoja litolewe kwa mtu mmoja. Walimu pia wakumbushwe kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu mwalimu kama raia mwingine, na maneno ya kudhalilisha yaliyoandikwa hayafutiki kwa kusema hasira zilinipanda.

Mpatanishi au mamlaka ya nidhamu: chagua kabla ya kuketi

Hapa ndipo wakuu wengi huharibu, na ndipo panapostahili umakini mkubwa. Tume ya Utumishi wa Walimu iliundwa kwa Sheria Na. 25 ya 2015 na ikaanza kazi Julai 2016. Katika mfumo wake, mkuu wa shule ni mamlaka ya nidhamu kwa makosa mepesi ya walimu walio chini yake, na makosa mazito huenda kwenye kamati ya Tume ya wilaya. Kwa hiyo mtu mmoja ana kazi mbili: anaweza kuketi na walimu kama msuluhishi, na anaweza kuandika onyo. Mwalimu anayefungua moyo akidhani anaongea na msuluhishi, kisha wiki ijayo akapokea barua ya kutakiwa kujieleza iliyojengwa kwa maneno yake mwenyewe, hatakuamini tena, wala wenzake hawatakuamini.

Sema mwanzoni kabisa kikao ni cha namna gani. Kama ni cha usuluhishi, yaliyosemwa humo yasigeuzwe ushahidi. Kama kuna kosa la kinidhamu, acha mazungumzo ya kindugu na ufuate utaratibu: barua inayotaja kosa, tarehe na mahali, muda wa kutosha wa kujibu kwa maandishi, kumsikiliza, uamuzi wenye sababu, na kumjulisha haki yake ya kukata rufaa. Nakala iingie kwenye faili. Onyo la mdomo mbele ya kikao cha walimu wote si utaratibu, ni fedheha. Mkuu asiye na uhakika kosa liko upande gani aulize ofisi ya Tume ya wilaya kabla ya kuandika barua, maana barua mbovu humsafisha mkosaji.

Mambo mengine hayana usuluhishi hata kidogo. Mwalimu akimpiga mwenzake na kumjeruhi, akimtishia maisha, akiiba fedha au mali ya shule, mkuu hana mamlaka ya kuyamaliza kwa soda na samahani. Taarifa iende polisi na kwa mwajiri. Mkubwa anayemtaka mwalimu wa chini yake kimapenzi ili ampe ratiba nzuri, ruhusa au tathmini nzuri anatenda rushwa ya ngono, kosa lililotajwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU ndiyo yenye kazi hiyo. Aliyedhalilishwa kingono asiketishwe meza moja na mtuhumiwa "ili yaishe." Akiketishwa hivyo, ameumizwa mara ya pili na mtu aliyemtegemea. Na ugomvi wa walimu wawili unaomhusu mwanafunzi wa kike, hata kama umeletwa kama wivu wa watu wazima, uchukuliwe kama suala la usalama wa mtoto kwanza.

Mkuu anapokuwa ndiye upande wa pili

Serikali hulipa posho ya madaraka kwa wakuu wa shule na walimu wakuu. Makamu, mwalimu wa taaluma na mwalimu wa nidhamu, wanaofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, hawaipati. Mkuu asijifanye haoni. Kutambua kazi yao kikaoni kwa kuitaja, kuwaachia wakaimu kwa maandishi anaposafiri, na kutowapigia simu kila saa akiwa safarini ni heshima ambayo haigharimu fedha.

Ajichunguze pia na wale wanaoitwa "watu wa mkuu." Kila shule inao: anayepanda gari lake, anayesali naye, aliyesoma naye chuo. Yapo madogo yanayowatambulisha, kama kuingia ofisini bila kubisha hodi au kujua uhamisho wa mwalimu kabla mwenyewe hajaambiwa. Na tathmini ya utendaji kupitia mfumo wa PEPMIS isigeuzwe fimbo. Mwalimu aliyepishana kauli nawe mwezi wa tatu apimwe kwa kazi aliyopangiwa, na ukishindwa kueleza alama uliyompa kwa kuonyesha kazi yenyewe, irekebishe.

Mgogoro ukiwa kati ya mkuu na mwalimu, mkuu hawezi kuwa hakimu wake. Aombe afisa elimu kata aketi, au mkuu wa shule jirani anayeheshimiwa na pande zote mbili. Mafunzo ya uongozi yanayotolewa na ADEM, chuo chenye makao yake Bagamoyo, yanasaidia, ila mafunzo hayatamfanya mtu aone kosa lake mwenyewe. Hiyo ni kazi ya mtu wa nje kumwambia.

Shule binafsi zina njia yake. Walimu wake wako chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na mgogoro na mwajiri ukishindikana ndani hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ndani ya siku 30 kama ni kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Mkuu wa shule binafsi asikubali kutumwa na mmiliki kumfukuza mwalimu kwa mdomo kwa sababu amegombana na shemeji wa mmiliki. Jina litakaloulizwa mbele ya msuluhishi ni lake pia.

Uhamisho

Njia inayopendwa kuliko zote ni "huyu ahamishwe." Zipo hali ambazo watu wawili hawawezi tena kufanya kazi chini ya paa moja, mathalani ndoa iliyovunjika kati ya walimu wa shule moja, na hapo uhamisho ni huruma. Lakini ukitumika kama adhabu, unaipelekea shule nyingine mwalimu aliyejeruhiwa, unaiacha ratiba ileile imzalishe mgomvi mwingine, na unaongeza deni kwa halmashauri, kwa kuwa uhamisho wa kiserikali una posho zake na madai ya walimu kuhusu posho hizo ni ya siku nyingi. Usimshawishi mwalimu aandike kwamba ameomba mwenyewe ili kukwepa gharama. Huko ni kumnyang'anya haki yake kwa kalamu yake.

Ukilazimika kuomba, andika kwa mkurugenzi kupitia ngazi zote za elimu, ukiambatisha tarehe za vikao ulivyofanya, makubaliano yaliyofikiwa, lililotekelezwa na lililoshindikana, pamoja na jedwali la mzigo wa kazi kabla na baada ya marekebisho. Mwalimu anayehusika aone barua hiyo kabla haijatumwa, na maelezo yake ya maandishi, kama anayo, yaende pamoja nayo. Atakayempokea apewe simu yako, na umwambie kwanza anachofundisha vizuri.